Bei ya Baridi

Fundi Ezekia alipofungua kifuniko cha mashine ya nje ya kiyoyozi, nyuki walimrukia usoni, naye akatimka mbio mpaka barabara ya Kipalapala, ndala moja ameiacha chini ya dirisha na bisibisi imebaki ikining'inia kwenye skrubu. Mzee Raymundi, aliyekuwa ameketi kibarazani, alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Mkewe Magreth hakucheka. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi, akayatazama masega mazito yaliyojazana pale ambapo feni ilitakiwa kuzunguka.

"Ulijua," alimwambia mumewe.

"Walikuja wenyewe mwezi wa tatu." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Niliwasikia wakivuma. Sasa Magreth, mtu kama mimi, nyuki wanifuate mpaka nyumbani halafu niwafukuze?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya mzee yule. Kwa miaka arobaini alikuwa na mizinga yake porini, huko upande wa Tura, na huko porini ndiko alikojiona mtu kamili. Miaka minne iliyopita alianguka kutoka juu ya mti, nyonga ikavunjika, na tangu hapo safari yake ndefu kuliko zote ni ya kutoka kitandani hadi kibarazani. Nyuki walipohamia kwenye kiyoyozi, aliona wamekuja kumjulia hali. Akawaficha miezi saba na hakumwambia mtu.

Kiyoyozi chenyewe hakikuwa chake, wala hakikuwa cha Magreth. Wao joto la Tabora walizaliwa nalo. Kilikuwa cha mjukuu wao Gerson, mwenye miaka minne, ambaye walikuwa hawajapata kumwona ila kwenye simu.

Jioni, mzee alipokwisha kuwahamisha nyuki kwa moshi na kuwatia kwenye mzinga mtupu, Ezekia alirudi kwa tahadhari na shavu limemvimba. Alichokonoa kwa dakika ishirini, kisha akajifuta mikono.

"Mama, sitakudanganya. Feni imegandishwa na nta. Hii mashine mliwahi kuiwasha?"

Magreth aliona haya. Mwezi wa nane aliiwasha mara moja, peke yake, kwa hamu tu. Ilinguruma, ikatoa harufu ya nta kama kanisani usiku wa Pasaka, naye akadhani ndiyo harufu ya baridi. Akaizima baada ya dakika kumi ili uniti za umeme zisiishe kabla mwenyewe hajafika.

"Basi ndiyo siku ilipokufa," alisema Ezekia. "Kompresa imeungua. Gesi imetoka yote, na gesi yenyewe ni ile ya zamani, siku hizi kuipata ni kazi."

"Inatengenezeka?"

"Kuitengeneza ni kununua nyingine. Mashine milioni moja na laki nne. Mabomba, waya mpya kutoka kwenye mita, maana huu wenu ni waya wa taa, na mkono wangu, weka laki tano na nusu."

"Na nikinunua feni mbili kubwa?"

"Feni inakupa upepo, mama. Ukitaka baridi, bei yake ndiyo hiyo."

Wageni walikuwa wanakuja baada ya siku kumi na sita.

Magreth aliingia kwenye chumba walichomtayarishia mjukuu na kuketi ukingoni mwa kitanda kidogo. Shuka lilikuwa jipya. Rimoti ya kiyoyozi ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, kwani hata siku ile ya mwezi wa nane aliibonyeza hivyohivyo, juu ya nailoni. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi katika zahanati miaka thelathini, lakini mtoto wa aina ya Gerson hakuwahi kumpokea. Mtoto alizaliwa bila tezi za jasho. Joto likimwingia halina pa kutokea. Jua la saa saba lingetosha kumpandisha homa ya degedege, na huko Dar es Salaam alilelewa ndani ya vyumba viwili vyenye baridi, akienda hospitali kwenye gari lililofungwa vioo. Miaka mitatu iliyopita binti yao Advera alinunua kiyoyozi cha mtumba, akakisafirisha, akasema: "Kikishafungwa tu, tunakuja." Kikafungwa. Mwaka wa kwanza Amon, mumewe Advera, alinyimwa likizo. Wa pili mtoto akalazwa. Likizo ya Amon ilikuwa ikitoka mwezi wa kumi, wakati Tabora inaungua, na Advera hakuthubutu kusafiri na mtoto yule bila mumewe.

Mtu anaweza kuuliza: bibi naye hana miguu? Kwa nini asipande treni? Magreth alikuwa amejiuliza hilo mara nyingi, na jibu lilikuwa lilelile. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mama yake hakulala, bibi yake hakulala, na Amon ni mtu wa Nzega, adabu hizo anazijua. Siku ya harusi walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia pembeni, na tangu hapo salamu zao zilipita kwa Advera. Ndugu wa Dar hawakuwa na nafasi. Kulala gesti mjini alikoolewa bintiye ilikuwa aibu nyingine, tena ya kulipia. Kwa hiyo mtoto ndiye aliyepaswa kuja, na ili aje ilihitajika baridi.

Simu ikalia. Advera.

"Mama, shikamoo. Tumekata tiketi za ndege!"

"Marahaba, mwanangu." Moyo wa Magreth uliruka kwa furaha kabla hajakumbuka.

"AC umeijaribu? Inapoza vizuri?"

Angeweza kusema ukweli hapo hapo. Maneno yalifika mpaka mdomoni. Lakini nyuma ya sauti ya Advera kulikuwa na sauti ndogo ikiuliza, "Ni bibi? Bibi ana kuku wangapi?" na Magreth akashindwa.

"Inapoza," alisema. "Mwambie kuku wapo tisa."

*

Duka la vifaa vya umeme mjini lilikuwa na baridi kali mlangoni, na Magreth alisimama pale kidogo, ameufumba mdomo, akijaribu kuipima kwa ngozi yake. Muuzaji, kijana aliyechomekea shati, alimwonyesha kwa kidole.

"Bibi, feni ziko kule nyuma."

"Nataka kiyoyozi."

Kijana alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Cha kwako?"

"Mimi ndiye ninayenunua."

Akatajiwa bei ileile aliyoitaja fundi. Akauliza kama anaweza kulipa nusu sasa na nusu mwezi ujao pensheni ikiingia. Kijana akamjibu kwa sauti ya kusikika duka zima kwamba hapo hawakopeshi, hasa vitu vya anasa. Mteja mmoja akageuka kutazama ni nani huyo anayekopa anasa. Magreth alishukuru, akatoka, na joto la nje likampokea kama ndugu.

Akiba yake ilikuwa laki nne na nusu. Jumamosi alikwenda kwenye kikundi chao cha kina mama wa parokia, akaomba laki saba. Benedikta, mwenyekiti, aliuliza kama kanuni inavyotaka: mkopo ni wa nini?

"Wa kufunga kiyoyozi."

Kicheko kilianzia safu ya nyuma kikaja mpaka mbele. Swaumu, muuza vitenge aliyekuwa Mwislamu pekee kikundini, ndiye peke yake hakucheka.

"Mwenzetu anataka baridi ya maofisini," alisema Benedikta. "Sisi ada za watoto, yeye upepo."

"Joto la mwaka huu limekuchagua wewe tu?" aliuliza mwingine.

Angesema neno moja tu, mgonjwa, wote wangenyamaza na pengine wangemchangia. Lakini Advera alikuwa amemwapisha asiseme. Watu wangemtazama mtoto kama kitu cha maonyesho, na hangekosekana wa kusema amerogwa. Magreth alisimama na kitambulisho chake mkononi, mwanamke wa miaka sitini na nne aliyewazalisha nusu ya wale waliokuwa wakimcheka. Swaumu aliinua mkono.

"Mpeni. Hajawahi kuchelewesha hata shilingi. Mtu akitaka kulala kwenye baridi na alale."

Wakampa. Alizipokea fedha zile kwa mikono miwili, uso umemwiva.

Zilipungua laki nane. Kwa siku tatu mzee Raymundi aliketi kibarazani akihesabu kitu kwa vidole. Siku ya nne akamwita Jilala, mfugaji na mrina asali wa huko Tura, wakaketi kibarazani asubuhi nzima. Mzee alitaja mizinga yake mmoja mmoja, na mti ulipo kila mmoja: huu kwenye mninga uliopigwa radi, ule kwenye mti wa mtundu karibu na kijito, na ule mwingine, ukiufikia, Jilala, usipige mluzi, nyuki wake ni wakali. Jilala alisikiliza kama mtu anayesomewa wosia.

"Baba, una hakika?" aliuliza mwishoni.

"Mimi sipandi tena, Jilala. Na nyuki wangu waliniletea hasara, waache walipe."

Jilala alitoa laki nane, noti za elfu kumi kumi, zimefungwa kwa mpira. Alipoondoka, mzee aliendelea kutazama barabara.  Magreth akamletea uji.

*

Zikabaki siku nne. Magreth alizifunga fedha kwenye kanga, akavaa viatu vya kutokea. Kabla hajatoka, umeme ukakatika. Lilikuwa jambo la kawaida. Aliketi kungoja, kwa sababu Ezekia alimwambia duka haliuzi bila risiti, na mashine ya risiti haiwaki bila umeme. Saa nne ikawa saa sita. Saa nane umeme haujarudi. Hapo akili ya uuguzi, iliyokuwa imelala kwa sababu ya hamu, ikaamka. Alichukua kipimajoto cha ukutani alichozawadiwa siku ya kustaafu, akakitundika juu ya kile kitanda kidogo, akafunga mlango na dirisha, akaketi ndani.

Saa tisa kilisoma nyuzi thelathini na sita.

Jasho lilimtiririka mgongoni na Magreth akalihesabia thamani yake, kila tone. Aliona waziwazi jinsi ambavyo ingekuwa: mashine mpya ukutani, nyeupe, imenyamaza, na mtoto kwenye shuka jipya macho yamepinduka. Milioni moja na laki tisa na nusu zingenunua baridi mpaka saa nne asubuhi tu.

Akapiga simu kabla hajabadili nia.

"Advera, AC ni mbovu. Iliungua. Nilikudanganya."

Alisikia Advera akifunga mlango wa chumba.

"Tangu lini?"

"Siku ulipopiga nilikuwa nimeshajua."

"Mama." Sauti ya Advera ilikuwa ya chini sana. "Wewe ni nesi. Ningemleta mwanangu achemke humo ndani, wewe unanichekea kwenye simu?"

"Hela imetimia. Nilikuwa nakwenda kununua mpya, lakini umeme umekatika tangu asubuhi. Hata hiyo mpya isingefaa. Msije."

Alipotamka neno hilo la mwisho alisikia maumivu mwilini, kweli kabisa, chini ya titi la kushoto. Upande wa pili Advera alikuwa analia. Tiketi hazirudishwi, alisema. Hakusema kwaheri.

Magreth alibaki chumbani. Miaka minne alikuwa amemtamani mtoto yule mpaka mikono ikawa inamuuma bila kubeba kitu. Alijua sauti yake, alijua anapenda kuku na anaogopa ngurumo. Hakujua uzito wake, wala harufu ya kichwa chake. Alilia kwa sauti, mlango umefungwa, ndani ya joto lile lile ambalo lingemuua mjukuu wake.

*

Kesho yake asubuhi simu iliyolia ilikuwa ya mzee Raymundi. Alisikiliza, akaitikia mara mbili tatu, kisha akaiweka sauti ya juu.

"Mkweo anaomba kusema na wewe."

Magreth aligeuza uso ukutani, ingawa simu haina macho.

"Mama, shikamoo. Ni Amon."

"Marahaba, baba."

"Mama, hiyo hela usinunue chochote. Njoo wewe."

"Amon, baba, wewe ni mtu wa Nzega. Unajua siwezi kulala chini ya paa lako."

"Najua. Ndiyo maana paa lenyewe nitalihama. Kaka yangu Ngollo yuko Kibaha, likizo yangu nitaimalizia kwake. Wiki mbili. Utakuwa umelala kwa binti yako, mimi simo."

Mzee Raymundi alipiga goti la mguu wake mzima kwa kiganja. "Huyu kijana angekuwa wakili!"

"Na wewe nani atakuangalia?" Magreth alimgeukia.

"Siwema, binti wa kaka yangu, atakuja kupika. Magreth, nenda. Hela ya kikundi irudishe, hela ya mizinga ipande treni. Mimi nyonga imenigomea. Wewe ukamwone kwa niaba yangu."

Jumamosi alirudisha laki saba zote. "Baridi imekushinda?" aliuliza Benedikta, na kina mama wakacheka tena. Safari hii hakuona haya. Alisahau hata kuudhika.

Treni iliondoka Tabora na asali chupa tatu miguuni pake. Ilipopita Tura alisimama dirishani akautazama msitu, mizinga ya mumewe imo humo, sasa ni ya mtu mwingine. Babu zake Raymundi waliikanyaga njia hiihii kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, miezi mitatu hadi Pwani, na wake zao wakabaki wakihesabu miezi. Magreth alihesabu stesheni.

*

Nyumba ilikuwa Kinyerezi, milango miwili ya kufunga mmoja baada ya mwingine ili joto lisiingie. Advera alimkumbatia mama yake stesheni kwa nguvu na bila maneno, na kwenye teksi walikuwa wameshasameheana. Mlango wa pili ulipofunguka, baridi ilimshika Magreth shingoni. Katikati ya sebule alisimama mtoto mwenye nywele chache nyepesi, amevaa soksi.

Magreth alipiga magoti. Mtoto alimkaribia, akamgusa paji la uso kwa kidole, akakitazama kidole.

"Bibi, unavuja."

"Ni jasho, baba."

"Mimi sina."

"Najua. La kwangu linatutosha."

Akamnyanyua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na kichwa chake kilinukia mafuta ya nazi. Hakutaka kumweka chini. Mtoto alianza kumwuliza habari za kuku, mmoja mmoja, na kama wanalala kitandani.

Ndipo Amon akatokea chumbani na begi dogo. Alipita pembeni kabisa, bega likigusa ukuta, akainama mlangoni. "Shikamoo, mama. Karibu sana." Magreth aliitikia akiwa ameangalia sakafu. Ilikuwa sawa, kama inavyotakiwa.

"Baba unaenda wapi?" aliuliza Gerson.

"Kwa baba mkubwa. Nitarudi."

"Na mimi."

"Huko kuna joto, mwanangu."

Mlango wa kwanza ukafungwa, kisha wa pili. Mtoto alijichomoa mikononi mwa bibi yake, akakimbilia dirishani, akabandika uso na viganja kwenye kioo. Hakupiga kelele mwanzoni. Alizoea kuwatazama kupitia kioo watu wakiondoka. Kisha baba yake alipolifikia geti akaanza kulia, kilio cha kifua kizima, akiita, na Advera akamshika akimbembeleza, akamwambia siku kumi na nne ni chache.

Magreth alimwekea mkono kisogoni. Kilikuwa kimeanza kuwa cha moto. Chumba kilikuwa na baridi ya kutosha kumtetemesha yeye, na shingo ya mtoto ilikuwa inawaka kwa kulia.

"Mwite mumeo."

"Mama, na ile adabu?"

Hakungoja. Alifungua mlango wa kwanza, akafungua wa pili, akasimama kizingitini kwenye jua la Dar es Salaam, akamwita mkwewe kwa jina lake, kwa sauti, jambo ambalo hakuna mwanamke wa ukoo wao aliyewahi kulifanya.

"Amon! Rudi nyumbani kwako!"

Kijana aligeuka getini, begi begani, macho chini kwa mazoea.

"Mama, utalala wapi?"

"Nitalala humu humu, kwenye chumba cha mtoto. Mimi miaka minne nimejua kulivyo kumlilia mtu aliye mbali, baba. Huyu hatajifunza hilo kwa ajili yangu."

Amon alirudi taratibu. Walipopishana mlangoni Magreth alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akaona kumbe ana kovu dogo kwenye nyusi. Mtoto alikuwa ameshamkumbatia baba yake mguu.

Jioni mzee Raymundi alipiga simu.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Mkwe amekwenda Kibaha?"

"Yumo ndani."

"Na wewe uko wapi?"

"Na mimi nimo ndani."

Magreth alisikia fimbo ikigonga sakafu mara moja, mara mbili. Alijiandaa kujibu lolote atakaloambiwa.

"Haya," mzee alisema hatimaye. "Niambie mtoto akoje. Anza kichwani, usiruke kitu."